Pikipiki ya 1994 inaenda ukaguzi wa mwaka, itapita au najisumbua?

kiki_ya_tatu
Wakuu habari zenu. Nina pikipiki ya 1994, silinda moja, cc 125, breki ya mbele diski ya nyuma dramu. Ilikuwa ya mjomba, magoti yakamgomea akaiacha stoo miaka na miaka, juzi kaniambia chukua. Nimemwaga oili, plagi mpya, betri mpya, kabureta nimeifungua yote nikaisafisha, ikawaka kiki ya tatu na inatulia sailensa (bila kushika mafuta) vizuri kabisa, injini haina hata mlio mmoja wa ajabu. Sasa ukaguzi uko karibu na watu wananitisha, huyu anasema mashine ya umri huo wakiiona tu wanaikata, yule anasema itafeli moshi. Wenye uzoefu hebu semeni, wanaangalia nini hasa? Umri wenyewe ni kosa? Mana nguvu zangu zote nimemalizia kwenye injini.

spana_kumi_na_nne
Mkuu hongera kwa urithi ila hapo kwenye injini ndo mkaguzi anapopita haraka kuliko kote. Yeye hakuulizi ina nguvu kiasi gani. Kama haimwagi oili chini na haitoi moshi mzito wa bluu na ekzosi haijatoboka, kashamaliza anahamia kwingine. Na umri sio kosa, nimetengeneza pikipiki kibao za zamani zikapita na mpya za miaka minne zikafeli. Kinachoiua ya zamani ni kukaa. Mpira unakauka, grisi inaganda, waya za earthi zinaota kutu.

Cha kwanza kabisa nenda kwenye beringi za shingo ya usukani, hizo zinafelisha watu ambao hawakujua hata kama zipo. Simamisha kwa stendi ya kati, mtu akukandamizie nyuma mpaka tairi la mbele liache ardhi, halafu zungusha usukani polepole kwa vidole viwili tu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukifika katikati kabisa ukasikia kama kuna kashimo inataka kutulia humo, hizo zimekwisha, goroli zimechimba njia yake sababu miaka yote usukani unakaa hapo katikati. Mkaguzi anafanya hivyo hivyo. Kisha anashusha tairi, anakamata breki ya mbele na kusukuma mbele na nyuma huku kidole kiko kwenye maungio ya shingo, kikisikia "tok" umefeli. Usikaze nati ili kuficha mchezo, ukikaza sana usukani unakuwa mgumu na hilo nalo ni kosa.

Ukimaliza hapo shika tairi la nyuma livute kulia kushoto, likicheza ni beringi za tairi au bushi za ule uma unaoshika tairi. Shokapu za mbele futa kwa kitambaa cheupe, zibonyeze mara kumi, ukiona duara la oili sili zimekufa.

mzee_wa_dramu
Mimi nina ya 1983 na inapita kila mwaka, nadhani watu wanatia chumvi sana. Mashine ya zamani haina mambo mengi, hakuna ABS (breki zinazozuia tairi lisijifunge) hakuna sensa, vitu vyote viko nje unaviona kwa macho, mkaguzi mwenyewe anaifurahia. Na kwa waliobahatika Uingereza tangu 2018 chombo kikishapita miaka 40 na hakijabadilishwa sana hakilazimiki hata kwenda, Japani nao pikipiki zisizozidi cc 250 hazina ukaguzi huo kabisa.

Nilichowahi kufeli ni taa. Indiketa ilikuwa inawaka vizuri nikiwa barabarani, kufika pale injini iko sailensa ikawa inawaka kwa uvivu kama inasinzia, mana chaji ya hizi mashine kwenye sailensa ni ndogo. Inatakiwa iwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Na usijidanganye kuweka balbu za LED bila kubadilisha flasha (kile kinachofanya indiketa iwake na kuzima), itawaka mbio mbio na hapo unafeli upande wa pili. Jaribu pia taa ya breki kwa mkono PEKE YAKE na kwa mguu PEKE YAKE, swichi ni mbili, wengi wanajaribu moja.

spana_kumi_na_nne
Mzee wangu heshima kwako lakini kutolazimika kukaguliwa sio kwamba iko salama, beringi haijui sheria 😂. Nimekuta ya zamani ambayo haijaguswa na mkaguzi, kwenye dramu kuna kile kimshale kinachoonyesha shuu (zile zinazokamata dramu kwa ndani) zimebaki kiasi gani, mwenye nayo kautoa mkono wa breki akaurudisha jino moja nyuma ili ukae vizuri. Breki ikawa inakamata ndio, ila mshale umeshapita alama zamani na ndani ni chuma kwa chuma. Kiki_ya_tatu kamata breki ya nyuma mwisho uangalie mshale wako uko wapi.

Na fluidi ya diski ibadilishe hata kama inaonekana ipo, DOT 4 (aina ya fluidi ya breki) inanyonya unyevu, ikishakuwa kahawia haifai. Paipu yake ya mpira ikunje kidogo uangalie nyufa. Halafu inua tairi la mbele lizungushe kwa mkono, likigoma pistoni ya breki imeganda.

cheni_kavu
Naongezea cheni. Usipime sehemu moja ukaridhika, cheni ya zamani haichakai sawasawa, zungusha tairi taratibu utafute pale inapokaza kuliko kote ndo upime hapo, nyingi zinataka mchezo wa kama milimita 20 mpaka 30 ila soma kibandiko. Sproketi ya nyuma meno yakiwa yamelala kama ndoano badilisha zote tatu, cheni na sproketi ya mbele na ya nyuma, usiweke cheni mpya juu ya meno ya zamani ni hasara tupu.

Na matairi je? Hujasema kitu kuhusu matairi.

kiki_ya_tatu
Aisee asanteni, leo nimeshinda chini ya hii kitu. Kwenye usukani kashimo kapo wakuu, kadogo ila kapo, hadi aibu, nimekuwa nikiendesha nafikiri ni upepo. Mshale wa breki uko salama. Taa ya breki ya mkono haiwaki, ya mguu inawaka.

Matairi nilikuwa nayaona mazuri mana meno bado marefu kabisa, ya mbele kama mapya.

cheni_kavu
Marefu kwa sababu hayajatembea mkuu. Angalia ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna namba. Zikiwa nne, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka, 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Zikiwa tatu ni la kabla ya 2000. Pia upinde ubavu kwa gumba uone kama una nyufa ndogo ndogo.

kiki_ya_tatu
148. Na kuna kapembetatu kadogo pembeni yake.

cheni_kavu
Hiyo pembetatu baadhi ya viwanda walikuwa wanaweka kwa miaka ya tisini. Wiki ya 14, 1998. Hilo ni la mbele?

kiki_ya_tatu
La mbele. La nyuma naogopa kwenda kuangalia, nimetoa funguo nimeweka ndani.

spana_kumi_na_nne
Agiza yote mawili pamoja na beringi za shingo, ukishang'oa tairi la mbele shokapu zinatoka kirahisi na shingo iko wazi, unafanya kazi moja. Swichi ya breki ya mkono ipulizie dawa ya kusafishia swichi kwanza kabla hujanunua, mara nyingi ni uchafu tu.