Naomba ushauri: bledi (mapanga) za kinu cha upepo zinalegea kwenye habu (kitovu cha katikati zinapofungwa)

Habarini wadau, niko Kisumu, nimetengeneza kinu kidogo cha upepo cha kuchaji betri ya volti 12, bledi ni 3 za mbao ya saipresi, kila moja nimeifunga kwa bolti 2 za M8 (unene wa milimita 8) kwenye sahani ya chuma ya milimita 6. Sasa mchana upepo wa ziwa ukikaza bolti zinalegea, jana nimekishusha nikakuta tundu moja limetanuka kama yai na mbao imeanza kupasuka hapo shingoni. Nimeweka nati za nailoni na washa kubwa, wapi! Nimekifunga kamba kwanza maana watoto hucheza hapo chini na naogopa sana.

Je, nibane bledi katikati ya sahani mbili kwa bolti 4, ama bushi (vibomba vifupi) za chuma kwenye matundu zinatosha? Na nikaze vipi mbao isipondeke?