Macho mazima lakini huoni: waliokutwa na haya, tupeane uzoefu

Mama Kihesa: Kamwene wanajamvi. Leo nimemwona mzee mmoja anagonga bega kwenye kila nguzo ya upande wake wa kulia, nikamkumbuka baba baada ya kiharusi. Tulimnunulia miwani, tukabadilisha, wapi! Mtaalamu akasema macho hayana shida, kiharusi kimempiga ubongo upande wa kushoto, kule kisogoni, ndiyo maana nusu ya kulia imefutika kwa macho yote mawili. Nani mwingine?

Mtoto wa Tukuyu: Mama mkwe wangu vilevile. Ugali anakula, mboga iliyo kulia analalamika hamjamwekea.

Gia Ndogo: Mama Kihesa umenikumbusha mteremko wa Kitonga. Nilitoka Uyole na viazi, naenda Dar, usingizi wa mang'amung'amu, chai sijanywa. Naanza kushuka, naona kidoa kinameremeta karibu na katikati. Kikatanuka, kikawa mstari wa meno ya msumeno unachezacheza kuelekea kushoto, na ulikopita hakuna kitu. Siyo giza jamani, HAKUNA KITU. Tandiboi kakaa kushoto kwangu, namsikia anapiga soga, simwoni! Nikafumba jicho la kushoto, bado. Nikafumba la kulia, bado. Mbele kona, nyuma basi linanipigia honi. Nikamwambia, "Dogo, ukingo wa barabara uangalie wewe." Akacheka. Alipoona jasho linavyonitoka akaanza, "Bado, bado, njoo kulia kidogo bro, hapo hapo." Gia ndogo, breki za kupima, mpaka nikapata pa kuegesha. Nikafumba macho yote mawili na ile misumeno bado naiona! Nikasema nimekwisha. Kama nusu saa ikapotea, kichwa kikaanza kugonga, nikatapika.

Mnyalu Halisi: Ulanzi huo mkuu.

Gia Ndogo: Sinywi. Soma vizuri.

Mjukuu wa Rungwe: Kitonga pana mambo yake. Waulize madereva wa zamani.

Kisogo: Acheni kumtisha mwenzenu. Nasomea macho hapa Mbeya, na hiyo inafanana sana na dalili za kipandauso, yale maumivu ya kichwa yanayokuja kwa vipindi (migraine). Kila jicho lina nyuzi za neva zaidi ya milioni 1. Zikifika chini ya ubongo, zile za upande wa pua zinavuka kwenda upande wa pili, za upande wa sikio zinabaki. Kwa hiyo kila kilicho kushoto kwako, kwa macho yote mawili, kinaishia kisogo cha kulia. Misumeno ya kipandauso inatokana na wimbi linalotambaa juu ya ubongo huko, milimita 3 hivi kwa dakika, ndiyo maana uliuona msumeno unasogea taratibu na hata ukifumba macho upo. Jicho lingekuwa ndilo bovu, ungelifumba ukapona.

Mjukuu wa Rungwe: Mbona halikumpata Uyole, likamsubiri Kitonga?

Kisogo: Hakulala, hakula. Wewe unataka jini awe na ratiba?

Mama Kihesa: Jamani mada ilikuwa baba yangu.

Viazi Mviringo: Mwanangu jicho moja halioni ubaoni, na miwani haisaidii. Nimpe karoti?

Mnyalu Halisi: Karoti gunia zima.

Mtoto wa Tukuyu: Dada, wangu walimziba jicho ZIMA kwa plasta saa kadhaa kila siku. Alilia, shuleni wakamwita haramia, lakini lile vivu liliamka.

Viazi Mviringo: Unaziba zima tena? Si utampofusha!

Kisogo: Ubongo umezoea kulipuuza lile vivu, unalazimishwa kulisikiliza. Wanasayansi Hubel na Wiesel walipata tuzo ya Nobel 1981, na sehemu ya kazi yao ilikuwa kuwafumba paka wachanga jicho moja. Walipolifungua, jicho zima, ubongo haulitumii. Mpeleke akapimwe kabla hajawa mkubwa, na usizibe kwa kujiamulia. Na kwa wote: nusu ya uoni ikikatika ghafla, usijipe jina la kipandauso nyumbani. Hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa kiharusi.

Mjukuu wa Rungwe: Na mafuta ya upako apitie wapi?

Mnyalu Halisi: Gia Ndogo hujatuambia, bado unaendesha?

Gia Ndogo: Niko foleni ya mzani Makambako. Nikitoka hapa nawajibu.