Mastodon: nichague seva gani?

kijana_wa_mabibo
Wakuu habari za jioni. Tangu X ifungwe hapa Bongo Mei 2025 kila nikitaka kuingia lazima niwashe VPN, na hizi VPN za bure zinakula bando halafu zinakatika katika, sasa jamaa yangu akaniambia hamia Mastodon, mtandao kama X ila umegawanyika kwenye seva nyingi, yani kompyuta zinazoendeshwa na watu tofauti. Nimeshusha apu, nafungua tu naambiwa chagua seva, orodha haina mwisho, hii ya wachoraji, hii ya Wajerumani, hii ya wanasayansi, nikafunga. Nikichagua vibaya ndo nimeshajifungia humo na Wajerumani? Na nani anazilipia hizo seva kama hamna matangazo?

dada_terminal
Hujifungii popote. Chukulia kama laini ya simu, wewe uko Voda mwenzako Airtel na mnapigiana kawaida. Seva zote zinaongea kwa itifaki moja, yani kanuni za mawasiliano, inaitwa ActivityPub, W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, waliipitisha 2018, ndo maana ukiwa Mastodon unaweza kumfolo mtu wa Pixelfed anayeweka picha au wa PeerTube anayeweka video na hujafungua akaunti huko. Anwani yako inakuwa @jina@seva, hiyo sehemu ya pili ndo inamwambia mtu wa nje akutafute wapi.

Wanaolipa ni wenye seva wenyewe na michango ya watumiaji. Programu yenyewe ni huria, alianza nayo Eugen Rochko kule Ujerumani 2016, yeyote anaichukua anaisimika kwake ila leseni ni AGPL, yani ukiibadilisha ukawawekea watu mtandaoni lazima uwaoneshe msimbo wako. Truth Social, mtandao wa Trump, 2021 waliichukua kimya kimya bila kuonesha msimbo, Mastodon wakawaandikia barua rasmi, baadaye wakauweka msimbo hadharani. Hiyo huwa inanifurahisha sana.

mzee_wa_router
Dada kamaliza ila mimi naongeza, usiangalie seva ina watu wangapi, fungua ukurasa wa Kuhusu usome ni nani anaiendesha, sheria zake zikoje, hela inatoka wapi. Ukikuta hajajitaja na sheria hamna, pita. Hawa wengi wanajitolea na mtu anachoka. mastodon.lol ilikuwa na watu kibao, 2023 mwenyewe akachoshwa na ugomvi akatangaza anafunga, bahati nzuri alitoa notisi watu wakahama. Ukihama wafuasi wanakufuata kwenye akaunti mpya ila posti zako za zamani zinabaki kule kule, kwahiyo mara moja moja nenda kwenye mipangilio upakue kumbukumbu zako na ile faili ya unaowafolo.

Halafu zile meseji za faragha si za siri kihivyo, mwenye seva akitaka anazisoma. Namba za benki na mambo ya ndoa peleka Signal, ile apu ya meseji za siri.

chapati_mbili
Mi nilikaa huko nikarudi, kumepoa, Waswahili wenyewe wa kuhesabu. Halafu msimdanganye kijana, seva nayo inaweza kufungwa kama X tu.

dada_terminal
@chapati_mbili kufungwa inaweza kweli, ila ikifungwa moja unahamia nyingine na watu wako wako pale pale, X utahamia wapi? Huko kupoa ni kwa sababu hamna algorithimu ya kukuletea vitu, ukikaa bila kumfolo mtu utaona ukuta mtupu mwaka mzima. Folo hashitagi, tangu toleo la 4.0 inawezekana, anza na #Kiswahili na #Tanzania. Na unapoposti weka lugha Kiswahili, kile kitufe kidogo cha lugha pale unapoandikia, wengi wanaacha Kiingereza halafu wanaochuja kwa lugha hawawaoni.

kijana_wa_mabibo
Asanteni sana wakuu, nimeanza kuelewa. Nimeipata moja ndogo sheria zake zinaeleweka, ila inataka niandike sababu ya kujiunga ndo waniidhinishe. Niandike nini sasa, barua ya kazi?

mzee_wa_router
Mistari miwili inatosha bwana mdogo. Sema unatoka wapi na unapenda kuongelea nini, wanachuja roboti tu hao. Ukishaingia weka picha na maelezo mafupi kabla hujaanza kufolo watu, akaunti tupu inayofolo watu mia kwa mkupuo wanaiblok.