Uji wa oti unaojipika usiku kucha: tupeane uzoefu

Mama Zamu, Columbus, Ohio
Wakuu, salaam. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wanapanda basi la shule mimi nimeshaondoka, na wa kusimama na mwiko hayupo. Nimehamia kwenye Crock-Pot, chungu cha umeme kinachopika polepole. Natia kikombe kimoja cha oti zile ngumu zilizokatwa kama chenga, maji vikombe vinne, chumvi kidogo na kijiti cha mdalasini. Natega moto mdogo saa nne usiku, saa kumi na moja alfajiri uji umeiva. Oti bapa msizilaze hivyo, zinageuka gundi ya kubandikia mabango. Kero ni moja: pembeni uji unakauka na kushika, na ukoko wake siyo ule wa wali wa kugombaniwa. Wenzangu mnafanyaje?

Wa Birmingham
Dada, usimwage oti moja kwa moja kwenye chungu. Tafuta bakuli linalostahimili joto, oti na maji yake viingie humo, literemshe ndani ya chungu, kisha zungushia maji mpaka yalingane na kimo cha uji. Funika. Moto unapita kwenye maji kwanza, kwa hiyo ukingo haukauki. Acha nafasi juu, oti zinavimba sana. Maziwa tia asubuhi, ukiyalaza yanakatika.

Kinondoni Kwetu
Nyie wa mbele mna raha. Huku kwetu umeme ukikatika saa saba usiku ukarudi alfajiri, uji umeshinda vuguvugu masaa yote hayo, na mimi simpi mtoto uji wa namna hiyo. Natumia chupa ya chai. Naisuuza kwanza kwa maji yanayochemka ili ishike joto, oti nazichemsha dakika tano tu, namimina zikiwa bado zinatokota, najaza hadi shingoni. Hapo kwenye kujaza ndipo wengi wanapokwama: chupa ikiwa nusu, joto linakimbia. Asubuhi ukifungua hakuna mvuke, mwaga, usijidanganye kwa kupasha. LUKU yangu, umeme wa kulipia kabla, haijaguswa.

Bi Mdogo, Muscat
Jamani oti ni juzi tu, sisi tumezaliwa na boko boko. Marehemu bibi Unguja akililaza kwenye makaa yaliyofukiwa majivu, na lazima mtu aamke kulitazama lisiungue chini. Mimi naroweka ngano iliyokobolewa, naitia kwenye hicho chungu cha umeme na kuku, mdalasini na chumvi, maji ya kutosha, nalala zangu. Alfajiri natoa mifupa, nalipiga kwa mwiko mpaka livutike, samli juu. Kupiga ndiyo kazi yenyewe, hakuna mashine ya kukusamehe hapo. Huku linaitwa harees, na UNESCO waliliingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni mwaka 2023.

Wa Birmingham
Bi Mdogo, hata hicho chombo asili yake ni chakula cha kulazwa. Irving Naxon aliyekibuni alisimulia kwamba wazo lilitoka kwa mama yake: kule Vilnius Wayahudi walipeleka vyungu kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa jioni, vikalala humo mpaka Sabato. Jina la Crock-Pot lilikuja baadaye, 1971.

Mswahili wa Mombasa
Nami nataka kulaza maharage mekundu humo kwa ajili ya daku. Yafaa?

Mama Zamu, Columbus, Ohio
Usiyatie mabichi, kaka. Yaroweke, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu dakika kumi kwenye sufuria ya kawaida, ndipo uyahamishe. Yana sumu inayokufa kwa mchemko, na moto mdogo unaweza usifike huko. Ukila utatapika na kuharisha. Oti hazina shida hiyo.

Wa Birmingham, bakuli limekubali, ukingo safi kabisa. Kuosha sasa ni suala la sekunde. Ila kwa watoto wanne halitoshi, natafuta kubwa zaidi. Kinondoni, hiyo chupa yako ni ya lita ngapi? Nataka ya kubeba kazini.

Kinondoni Kwetu
Lita moja, mdomo mpana. Usinunue ya mdomo mwembamba, utakuwa unaigonga kitako mbele ya wazee wa watu.