Tela la magogo linabana udongo chini hata baada ya kuweka matairi mapana

MchoraTela: Wakuu, habari za kazi. Nimeunda tela la kubebea magogo, linavutwa na trekta, ekseli moja, mzigo tani 6. Wenye msitu walilalamikia mitaro, nikaweka matairi mapana. Juu sasa panapendeza, ila nikichimba kwa sululu, sentimita 30 chini nakutana na udongo umeshikana kama tofali. Nakosea wapi? Nifunge minyororo?

Dereva Mstaafu: Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umechimba. Wengine huishia kupiga picha ya nyasi.

Upana wa tairi na upepo mdogo vinasaidia juu. Tairi linalala, mzigo unasambaa, mtaro unapungua. Kule chini hesabu ni nyingine, kinachobana ni uzito ambao ekseli imebeba. Tani 6 ukijumlisha na tela lenyewe, zote kwenye magurudumu mawili? Weka manne: kila upande mawili, moja mbele ya jingine, kwenye mkono unaobembea kama pembea. Gurudumu la mbele likipanda kisiki, la nyuma linabaki chini na mzigo wake. Ubaya wake ni kwenye kona kali, magurudumu yanaburuzika na kuchuna mizizi, kwa hiyo njia ipinde taratibu.

Minyororo ni ya kuzuia kuteleza. Uzito haipunguzi hata kilo.

Halafu matawi. Bosi wangu mmoja alitaka tuyasogeze pembeni, eti njia iwe safi. Ikanyesha usiku, kesho yake safari ya nne mashine ikakaa kwa tumbo, tukashinda tunachimba. Baada ya hapo nikawa nakatia matawi mbele ya mashine na kupita juu yake, nikiyarudishia kila yanapopondeka. Na usitawanye njia: safari chache za kwanza ndizo zinazobana udongo zaidi, kwa hiyo ukishapita mahali, endelea kupita hapohapo.

Udongo_Mfinyanzi: Naongeza moja. Chukua udongo wa njiani, uviringishe viganjani. Ukitoka uzi mwembamba usiokatika, udongo umelowa mno, zima injini, hata uwe na magurudumu kumi.

MchoraTela: Na zile mashine za miguu?

Dereva Mstaafu: Kampuni ya Plustech ya Ufini iliunda moja ya miguu sita miaka ya 1990. Inatembea kama mdudu, inaacha nyayo hapa na pale badala ya mtaro mrefu. Nzuri kuitazama, ila haikuingia sokoni. Wewe malizana na magurudumu kwanza.

MchoraTela: Sawa mzee wangu. Huo mkono unaobembea, pini yake niiweke katikati kabisa?

Dereva Mstaafu: Katikati, magurudumu yagawane sawa. Weka mchoro hapa kabla hujachomelea.