Kuvua kwa mshipi Bagamoyo na familia, tunatoka Dodoma: siku gani, vifaa gani?

Mzazi wa Kisasa

Wakuu, habari za jioni. Shule zikifungwa tunataka kushuka Pwani, mwishoni mwa Novemba au wiki ya kwanza ya Desemba. Tupo wanane: watu wazima watano na watoto watatu wa miaka 7, 10 na 13. Uvuvi tunaoujua ni wa Mtera tu, perege na kambale kwa ufito na chambo cha mnyoo. Maji ya chumvi ni mageni kwetu.

Hatuna haja ya bahari kuu. Tunataka karibu na pwani, nusu siku, mshipi wa mkono, tupate samaki wa kula pale na wengine turudi nao. Tumechagua Bagamoyo kwa sababu ukifika Chalinze unapanda Msata, kisha lami kilomita 64 hadi baharini, foleni ya Dar huioni. Naomba kujua: tuchague siku kwa kuangalia nini? Mshipi unafungwaje? Huyu wa miaka 7 apande boti au abaki? Na samaki watafikaje Dodoma bila kuharibika, maana joto la huku mnalijua.

Mtu wa Mlingotini

Mkuu, kabla hujalipia nyumba ya wageni, angalia mwezi. Ufuko wa Bagamoyo una kina kifupi, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji yakipwa huenda mbali, vyombo vinabaki vimelala mchangani. Bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji hujaa kama saa 10 au 11 alfajiri na tena jioni, na hupwa kama saa 4 au 5 asubuhi. Maana yake watoto wanaamka, wanakunywa chai, mnafika ufukoni maji yameshaondoka. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hiyo mkondo nao ni mkali.

Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: siku ya 7 hadi ya 9 tangu mwezi kuandama (ndiyo tunaita mwezi 7 hadi 9, si mwezi wa kalenda), na tena 22 hadi 24. Hapo maji hujaa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, tofauti ni kama mita 1 hivi, na mshipi unashuka wima badala ya kuburutwa chini ya boti. Kwa watu wanaojifunza hiyo ndiyo siku. Maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukijua ya leo, ya kesho unahesabu mwenyewe.

Upepo: Novemba ni maleleji. Upepo wa kusi umelegea, wa kaskazi haujashika. Asubuhi bahari ni shwari, upepo unaamka mchana. Tokeni saa 12 na nusu asubuhi maji yanapoanza kujaa, mrudi kabla ya saa 6. Mkivuta hadi Desemba mnaweza kukuta kaskazi imeingia, na hiyo hupiga mawimbi yake moja kwa moja ufukoni. Angalieni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari. Wakitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ahirisheni, hata kama nahodha anasema anaiweza.

Jambo jingine ni vuli. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini ya mji, na mvua ikinyesha milimani Morogoro, siku chache baadaye bahari ya upande ule inakuwa ya kahawia. Mkikuta hivyo, mwambieni nahodha aelekee kusini, upande wa Mbegani na Mlingotini.

Mshipi sasa. Kila mvuaji awe na nailoni mita 50, unene wa milimita 0.60, imeviringishwa kwenye kibao. Nyembamba zaidi ya hapo inakata vidole vya mtu asiyezoea. Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, ya gramu 80 hadi 100 inatosha maji mafu. Mkienda na bamvua, zidisha mara mbili. Chubwi inakaa mwisho kabisa. Sentimita 30 juu yake funga tawi la kwanza lenye ndoana, na sentimita 50 juu ya hilo funga la pili. Kila tawi liwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20. Watu wengi huyafanya marefu, ndoana zinafikiana, zinashikana, halafu nusu saa ya uvuvi inaishia kwenye kufumua mafundo.

Na hili msilipuuze: chubwi ifungwe kwa kipande cha nailoni nyembamba kuliko mshipi, milimita 0.35 hivi. Ikinasa kwenye mawe, hicho ndicho kinachokatika. Unapoteza chubwi, unabaki na ndoana, samaki na mshipi wako.

Dada wa Diko

Kaka, kuhusu boti. Nendeni dikoni, vyombo vya uvuvi vinakotia nanga, siku moja kabla, muonane na uongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa pale. Wao wanajua chombo kipi kina cheti cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na leseni, na watawaambia kama nyie wageni mnahitaji kibali chochote cha kuvua. Soma idadi ya watu iliyoandikwa kwenye cheti. Nyie wanane, nahodha na msaidizi wake ni kumi, si wanane.

Jaketi okozi mzijaribu nchi kavu. Mvalishe mtoto, funga mikanda yote, kisha mnyanyue kwa kushika jaketi mabegani. Kidevu kikizama ndani ya jaketi, ni kubwa, na majini litamvuka kichwani. La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kama chombo hakina la saizi yake, mtoto hapandi, hata bahari iwe kama kioo.

Wa miaka 7 mimi ningemwacha ufukoni na mtu mzima mmoja, wavue samaki wadogo waitwao chaa. Si adhabu. Chaa huja maji mafupi kabisa maji yanapojaa, na mtoto atapata samaki wengi kuliko walio kwenye boti. Ndoana ndogo kabisa dukani, chubwi ya gramu 20, kipande cha kamba, yule mdudu wa baharini anayeliwa, kama punje ya hindi. Wavae viatu kwa ajili ya shokeshoke, wale wanyama wa baharini wenye miiba, na wakiingia majini waburute miguu badala ya kunyanyua, ili samaki taa aliyejifukia mchangani ashtuke aondoke.

Kwenye boti, mishipi minne tu kwa wakati mmoja, miwili kila upande. Wengine wakae katikati, wabadilishane. Minane ikishuka pamoja itasukana kama ukili. Chai iwe nyepesi, ndizi na mkate, si vitumbua vya mafuta. Anayesikia kichefuchefu aache kutazama ndoana, atazame mbali bahari inapokutana na mbingu.

Samaki wa kuogopa ni hawa. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Hongwe ana mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Wote hao shikeni kwa kitambaa kinene na koleo. Mtu akichomwa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, dakika 30 hadi 90, kisha hospitali. Joto la maji lipimwe kwa mkono usiochomwa, kwa sababu palipochomwa hapasikii vizuri na mtamuunguza. Bunju, yule anayejivimbisha, mrudisheni majini; sumu yake haitoki kwa kupikwa. Kasa akinasa, kata mshipi karibu na ndoana umwache. Analindwa kisheria.

Na mkibadili mawazo mkaenda Dar, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu. Kuogelea sawa, kuvua hapana.

Fundi Mshipi

Nakubaliana na mengi, ila kwenye maji mafu natofautiana na Mtu wa Mlingotini. Mwezi 8 mkondo unalala, na samaki changu naye analala. Ningewapeleka mwezi 10 au 11. Maji yameanza kupata nguvu, yanajaa kama saa 7 mchana, na asubuhi yote mnavua maji yakipanda. Mchango wa mkondo ni kupeleka harufu ya chambo kwenye mawe. Bila harufu kusafiri, mnamsubiri samaki apite kwa bahati.

Chambo: kwa watu wanane nusu siku, ngisi kilo 2 na kamba kilo 1. Ngisi mkate vipande virefu kama kidole cha mwisho, upana nusu sentimita, mchome mara moja tu karibu na ncha moja, sehemu iliyobaki ipepee. Ukimkunja kama donge anazunguka akishuka na kulisokota tawi lote. Kamba mtoe kichwa, ingiza ndoana kuanzia mkiani, fuata mwili, ncha itokeze kidogo tumboni. Chambo kikae kwenye barafu lakini ndani ya mfuko. Maji ya barafu yakikigusa kinakuwa cheupe na laini, kinachomoka kwenye ndoana.

Sasa mkono. Chubwi ikigusa chini, vuta mshipi mpaka uwe umekaza, ulaze juu ya kidole cha shahada. Changu hugonga kwanza: tik, tik. Hapo usifanye kitu. Anaonja. Halafu utasikia uzito unaondoka na mshipi, polepole, kama mtu anayevuta shuka usingizini. Hapo ndipo unanyanyua mkono kwa mpigo mmoja hadi begani na kuendelea kuvuta bila kulegeza. Watoto wote huvuta kwenye tik ya kwanza na wanapata ndoana tupu.

Ndoana ikirudi tupu mara tatu bila hata kugonga kunakoeleweka, mna samaki aitwaye kikande chini. Ana mdomo mdogo wenye meno, anakwangua chambo. Msimlishe, ng'oeni nanga msogee mita 50. Mwambieni nahodha atafute mchanga unaopakana na mawe, kina cha mita 6 hadi 12. Juu ya mawe yenyewe mtapoteza chubwi tu.

Mzazi wa Kisasa

Asanteni sana, nimeandika yote. Mwezi 10 umenishawishi. Je, kuna namna ya kujizoeza huku kwanza?

Fundi Mshipi

Ipo. Hombolo au Mtera, mshipi uleule, ndoana ndogo, mfundishane kusikia kidoleni samaki akigonga. Watoto wasiingie majini; kichocho, na Mtera kuna mamba na viboko. Tofauti kubwa ni baadaye: mishipi ya baharini ukirudi nayo bila kuiosha kwa maji yasiyo na chumvi, ndoana zina kutu kabla hujafika Gairo.

Muuza Barafu Moro

Nijibu la samaki. Tangulieni na deli mbili, moja ya chambo na vinywaji, moja ya samaki. Ya samaki iingie baharini na barafu. Makosa yanaanzia pale samaki wanapolala juani kwenye sakafu ya boti hadi mrudi. Kibua na jodari hasa: wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu ambayo kukaanga hakuiondoi, mtu anavimba uso na kuwashwa.

Mkitoka majini toeni matumbo na matamvua, suuzeni kwa maji ya bahari safi, si ya ukingoni. Kipimo ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu ipondwe, mabonge huacha nafasi. Tabaka la barafu chini, samaki tumbo likiangalia chini ili maji yasituame ndani, barafu, samaki, na barafu juu. Fungueni tundu la deli maji ya damu yatoke njiani. Deli isifunguliwe kuonyeshana.

Ondokeni Bagamoyo alfajiri. Mkifika Morogoro ongezeni barafu, kwa sababu kuanzia Dumila kwenda juu ni jua tupu hadi kwenu. Wa kula siku hiyo muwaweke juu kabisa, wa kugandisha chini.

Mzazi wa Kisasa

Nimeangalia kalenda, mwezi 10 unaangukia katikati ya wiki. Naomba ruhusa kazini kesho.