Mama, goti na Italia

Mama Wawili, Buruburu: Hamjambo wenzangu. Viza imetoka! Septemba nampeleka mama Italia siku nane. Ana miaka 68, goti linamsumbua. Roma, Florence na Venice zatosha, au niongeze Milan?

Fundi wa Donholm: Iache Milan, dada. Roma hadi Florence kwa treni ya kasi ni kama saa moja na nusu. Mimi nilikaa Roma siku nne na bado niliondoka na hamu. Mnunulie mama viatu laini, mawe ya barabarani yanachosha.

Mkaazi wa Eastleigh: Venice hakuna magari, na madaraja ni ngazi tupu. Pandeni vaporetto, boti ya abiria, mshukie San Marco.

Mama Wawili: Asanteni sana. Milan nimeifuta. Mama ameanza kutembea hadi stejini kila jioni, analizoeza goti.